Shujaa wa Mtaro wa Awendo

Mimi ni Roselyn Achieng, binti Caleb Ogweno wa Karungu, yule aliyetoa majini samaki kamongo mrefu kuliko mke wake wa pili, na mke huyo hakumsamehe kwa kuwapima. Bibi yangu alimfukuza kiboko shambani kwa mwiko wa ugali. Mimi mwenyewe nilimaliza darasa la saba mwaka ambao wasichana tulikuwa watatu, nikawa wa pili. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu. Hilo nimelitangaza kwa miaka hamsini na kitu, nikiacha kusema kwamba wa tatu alikuwa mgonjwa siku ya mtihani.

Lakini tendo langu kubwa kuliko yote ni kwamba nilimtengeneza shujaa. Simaanishi nilimzaa. Nilimkuta mtu mzima, Koplo Joash Aguko, nikaolewa naye, ndipo nikamtengeneza kwa mdomo.

Sisi Wajaluo tuna pakruok. Watu wakiwa kwenye sherehe, muziki unasimamishwa, mtu anainuka na kujisifu, au anamsifu mtu wake, kisha ngoma inaendelea. Mke wa mwanajeshi akikaa kimya hapo, watu watasema mumewe alikuwa akimenya viazi kambini. Kwa hiyo nilikuwa nikiinuka. "Mimi ni nyar Karungu," nasema, yaani binti wa Karungu, "mke wa Aguko, aliyelala siku nzima mbele ya bunduki arobaini asipepese jicho!" Wanawake wanapiga vigelegele. Joash anaangalia viatu vyake. Nikasema ni unyenyekevu, nao nikauongeza kwenye sifa.

Alipostaafu tulijenga Awendo, karibu na barabara ya matrekta ya miwa. Siku moja tunatoka kusaga, yeye na mfuko wa unga begani, trekta likapita na ekzosi yake ikalipuka pwaa. Nilipogeuka, mume wangu alikuwa mtaroni kifudifudi, mikono juu ya kichwa, unga wote mgongoni. Wanawake wa soko wakaniangalia mimi. Nami, badala ya kumwinua, nikasema kwa sauti, "Anawaonyesha watoto jinsi mwanajeshi anavyojikinga."

Watoto wakaamini. Wiki haikuisha, kila trekta likilipuka watoto wa barabara yetu wanajitupa chini. Mchezo ukapata jina: kupiga Aguko. Walimu walilalamika kuhusu sare zinazochafuka. Watoto hao walikua, wakazaa, wakawafundisha watoto wao. Kuna miji inayoacha sanamu za mashujaa. Mimi niliacha watu wanaoanguka barabarani.

Mmoja wao ni Tony, mtoto wa binti yangu Edith, ambaye nimemlea tangu akinyonya chupa. Ana miaka ishirini. Mwaka huu alipata nafasi chuoni kusomea umeme, aripoti Jumatatu. Jumatatu hiyohiyo jeshi lilikuwa linaandika vijana uwanjani.

"Dana," akaniambia, na dana ni bibi, "umeme nimeacha. Nataka kuwa kama Kwara." Kwara ni babu yake.

Mwenye akili angemuuliza, kama Kwara yupi? Mimi nilichinja kuku.

Vijana waliotaka jeshi walikuwa wakifanyishwa mazoezi na Mwalimu Dishon, ambaye jeshi lenyewe lilimkataa mara tatu kwa sababu ya meno. Akaja nyumbani kumwomba Mzee akawape vijana maneno ya vita.

Joash akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akanigeukia. "Mwanajeshi wanayemtaka ni wako, nyar Karungu. Nenda umsemee."

"Na wewe?"

"Nitakuja kukaa. Hata mimi hupenda kumsikia huyo mtu."

Dishon akacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nawaza nguo ya kuvaa.

Jumatano mchana nilisimama mbele ya vijana ishirini na sita, wenye jasho, katika kiwanja kilicho kando ya barabara ya miwa. Nilivaa gauni la kijani la harusi ya Edith. Joash alikaa nyuma yangu kwenye kiti cha plastiki. Nikaanza na kiboko wa bibi yangu, nikaingia kwa kamongo, na nilikuwa nimefika kwenye bunduki arobaini trekta lilipopita, likalipuka.

Vijana wote ishirini na sita wakajitupa chini wakicheka. Wakainuka, wakajipangusa. Joash hakuinuka. Alikuwa kando ya kiti, uso ndani ya vumbi.

"Mnaona?" Dishon akasema. "Ninyi mmeinuka kama kuku wameona mahindi. Mwangalieni mwanajeshi. Bado yuko chini."

Wakapiga makofi. Na mimi, Mungu ananisikia, nilikuwa nimeshafungua mdomo. Sentensi ilikuwa tayari: mwanamume asiyeinuka kabla ya amri. Ilikuwa nzuri, tena ingewafaa. Ndipo nikaona suruali yake imelowa. Tony aliiona kabla yangu, kwa maana yeye peke yake hakuwa anapiga makofi.

"Dana," akasema polepole, "Kwara anatuonyesha, ama ameanguka?"

Nikaketi chini na gauni langu. Nikamwekea Joash mkono mgongoni. Alikuwa akitetemeka kama injini ya kinu, akisema, "Nyamaza, Mokua. Tafadhali, nyamaza."

"Haonyeshi chochote," nikamwambia Tony. "Ameanguka. Hata ile siku ya kwanza aliyoanguka, alikuwa ameanguka tu. Maneno ya kuonyesha ni yangu."

Makofi yakafa. Nikawaambia hapohapo chini, kwa sababu nilijua nikisimama nitaanza kupamba.

Niliwaambia kwamba Joash alinieleza mara moja tu, mwaka wa sabini na tisa, nikiwa nafua, na hakurudia. Walikuwa kaskazini, lori lao likaviziwa asubuhi. Kulala siku nzima ni kweli, alilala chini ya lori. Kutopepesa jicho ni kwa sababu macho yalikuwa yamejaa mchanga. Zile arobaini nilizihesabu mimi, jikoni kwangu. Yeye hakumwona adui hata mmoja wala hakufyatua risasi hata moja. Alijiendea haja zote mbili akiwa na nguo zake. Rafiki yake Mokua alipigwa tumboni, akaanguka hatua kumi kutoka lori, juani. Aliita maji tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni. Wanaume saba walikuwa chini ya lile lori wakimsikia. Hakuna aliyetoka.

Kijana mmoja mrefu akasema, "Lakini Dana, siku hizi kuna droni. Si kama zamani."

"Mambo ya droni siyajui. Mimi najua kufua shuka za mwanamume aliyerudi mzima."

Dishon akanivuta kando. "Nyar Karungu, unaniharibia vijana zikibaki siku tano."

"Sijawaambia wasiende. Mabati ya nyumba yangu ni ya mshahara wa jeshi na sitayatukana. Nimewaambia kile nilichowaficha."

"Ungewaambia baada ya Jumatatu."

Nikamwambia meno yake yalimwokoa na hajui. Lilikuwa neno baya, na lilinifurahisha kidogo.

Tony alikuwa ameshamwinua babu yake na kumfunga koti lake la mazoezi kiunoni. Tukaenda nyumbani taratibu, watatu, bila mtu kupiga kelele. Joash alioga, akabadili nguo, akaketi kivulini pa jiko na chai yake. Mikono ilikuwa imetulia.

Tony akachuchumaa mbele yake. "Kwara, niende ama nisiende?"

Nilikuwa na majibu manne. Joash akaniinulia kidole, ninyamaze.

"Hilo silijui," akasema. "Ninajua nilikuwa na chupa ya maji kiunoni. Ilikuwa imejaa. Jioni walipotutoa, bado ilikuwa imejaa."

Miaka arobaini na zaidi nimelala na huyu mtu, na hilo la chupa sikuwa nalijua. Mimi, mtangazaji wake.

Basi nikakumbuka aibu yangu nyingine, ambayo pale kiwanjani sikuitaja. Mokua ana dada, Nyamoita, anauza mbuzi soko la Ogwedhi. Kila nikienda kununua, huniuliza, "Joash alikuwa naye. Ndugu yangu alikufaje?" Nami nilimjibu zamani kwamba alikwenda kama anayesinzia, jina la dada yake mdomoni. Alinishika mikono yote miwili, akanichagulia beberu mzuri kuliko wote. Tangu hapo kila nikifika ananiomba nirudie, na nimerudia, na kila mara naongeza kitu.

Nikamwangalia Joash. Alijua ninachowaza, akaitikia kwa kichwa.

"Tony," nikasema, "kesho ni soko Ogwedhi. Utakwenda kwa Nyamoita, mama mnene wa kitambaa cheupe, upande wa mbuzi. Mwambie wewe ni mjukuu wa Aguko."

"Halafu?"

"Mwambie aketi kwanza. Mwambie Roselyn alimdanganya, si Joash. Halafu umweleze yote, saa tatu mpaka saa kumi, na habari ya chupa."

"Dana, mimi? Si ni wewe ulisema?"

"Nikienda mimi nitapamba. Unanijua."

Akainuka, akakung'uta vumbi la kiwanja magotini. "Na akilia?"

"Utakaa naye mpaka amalize. Akiuliza kitu usichokijua, sema hujui. Usikimbie, na usije ukamwachia neno tamu la kufungia. Ukirudi, ndipo uniambie Jumatatu unakwenda wapi, na popote utakaposema nitakupigia pasi shati."