Muuguzi aliyeletewa harusi ya bintiye kwa wazee

Saa moja asubuhi. Jua la Dodoma limeanza kuchoma, na Sikudhani Abbasi amechuchumaa mbele ya kiti cha Bi. Mwantum, beseni la maji ya uvuguvugu likiwa kati yao. Anamkata kucha za miguu. Bi. Mwantum, anayekaribia miaka themanini, hana habari na kucha. Mawazo yake yote yako kwenye chai.

"Leo Anyesi katuletea maji ya kusuuzia sufuria," analalamika. "Hayana tangawizi, hayana hiliki. Siku, mwanangu, hebu kamwambie mie nimezaliwa Makole, kwa watu wanaojua chai."

"Nitamwambia, bibi. Nipe kwanza hiki kidole kidogo."

Kutoka dirisha la jikoni, Anyesi mpishi anaangua kicheko. Malalamiko ya chai ameyazoea.

Haya ni Makao ya Wazee Kisima, kando ya barabara iendayo Mtera. Wazee thelathini na wanne wanaishi hapa, na kumi na mmoja kati yao hawawezi hata kujigeuza kitandani. Kwa karibu miaka mitatu, wote walikuwa na muuguzi mmoja tu, huyu aliyeshika mkasi.

Sikudhani, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, ni mzaliwa wa milima ya Kondoa. Alifika Kisima mwaka 1978, akiwa muuguzi msaidizi aliyetoka chuoni juzi tu, binti yake Asma akiwa mgongoni. Wakati huo wauguzi walikuwa wanne.

"Tulikuwa tunapokezana, mtu anakwenda likizo na anarudi amenenepa," anakumbuka huku akicheka. "Halafu ukaja wakati wa kupunguza watu. Kila mahali watu wanapunguzwa. Wafadhili nao wakapunguza mkono. Mmoja akaondoka, wa pili akaondoka, wa tatu akaolewa Singida. Nikageuka nyuma, nikajikuta peke yangu."

Mumewe alikwisha fariki. Asma alikulia humu humu, akicheza kombolela kati ya vitanda. Bi. Mwantum ndiye aliyemfundisha kukuna nazi, na Mzee Mazengo, mfugaji wa zamani aliyepoteza macho, alimfundisha kupiga zeze na kuitikia salamu ya Kigogo.

Mwaka 1995 mama yake Sikudhani alifariki. Akaenda Kondoa kuzika, akakaa siku tatu. Aliporudi alimkuta Mzee Rajabu, fundi mwashi wa zamani aliyepooza upande mmoja, ana kidonda nyongani.

"Hakuna aliyemtesa," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii tabasamu linatoweka usoni. "Wahudumu walimlisha na kumwosha. Lakini mtu asiyejigeuza lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na mgongo wake ukaguliwe. Nani angefanya hivyo? Nilikuwa nimetoka kumzika mama, nikaja kukuta baba wa watu anaoza akiwa hai. Nikasema basi. Siondoki tena mpaka awepo mwingine."

Kidonda kilichukua msimu mzima wa mvua kupona. Sikudhani aliwafundisha wahudumu wawili kugeuza wagonjwa, akaomba muuguzi wa pili kwenye kila kikao cha kamati ya makao. Jibu lilikuwa lile lile: hali ni ngumu, vuta subira.

Akavuta subira mpaka Julai mwaka jana, Asma alipochumbiwa na Mudrick, kijana wa Kondoa mwenye duka la vipuri vya baiskeli. Harusi ikapangwa kufanyika Kondoa, nyumbani kwa Harithi, baba mdogo wa Asma na ndiye walii wake wa kumwozesha. Posa ilipita vizuri, mahari ikakubaliwa, siku ikawekwa. Kisha Sikudhani akasema kwamba hatahudhuria.

Harithi alipanda basi siku ile ile kumfuata.

"Shemeji, umerogwa?" alimuuliza, hata kabla ya kupewa maji. "Mwanao wa pekee anaolewa, wewe unabaki kuwafuta vizee?"

"Hao vizee hawana mwingine, shemeji."

"Na Asma ana mama wangapi?"

Sikudhani aliinuka akatoka. Anasema alikwenda nyuma ya jengo, penye kamba za kuanikia mashuka, akalia hadi macho yakavimba. Asma alimkuta huko.

"Nilikuwa nimemkasirikia," Asma anasimulia. "Nilitaka kumwambia kwamba nami nimechoka kugawana mama na watu thelathini na wanne. Nikafika, nikamwona amejifuta uso kwa shuka la Mzee Rajabu. Nikasema, mama, kama wewe huwezi kuja kwenye harusi, basi harusi itakuja kwako."

Harithi aliposikia, aliruka. Harusi gani hiyo ya kufungiwa penye wagonjwa? Watu watasema nini? Si nuksi hiyo? Mzee Mazengo, aliyekuwa ameketi barazani akisikiliza kila neno, ndiye aliyemjibu.

"Mbukwa, mgeni," alimsalimu Kigogo, polepole. "Hapa tuko watu tuliozaliwa enzi za Mjerumani, tukaoa na kuolewa enzi za Mwingereza. Ndoa zetu zilidumu mpaka kifo. Nuksi iko wapi? Huyo mtoto atapata baraka mahali pengine kama hapa?"

Harithi akaketi kando yake. Kisha akaomba yale maji ya kunywa.

Siku ya harusi, lori lilishuka kutoka Kondoa na vigelegele vyake. Wahudumu walikuwa wamewanyoa wanaume ndevu na kuwavisha wazee wote kanzu na kanga safi. Wasioweza kuinuka walitolewa na vitanda vyao mpaka barazani. Bi. Mwantum alisimamia pilau akiwa kwenye kiti, fimbo mkononi, akimfokea Anyesi kwa kila kijiko cha chumvi. Ndoa ikafungwa, na Mzee Mazengo akapiga zeze hadi vijana wa Kondoa wakavua viatu kucheza.

Katikati ya shangwe, mgeni mmoja mwenye moyo mwema alimtilia Mzee Rajabu kinywani kipande cha nyama. Hakujua kwamba mzee huyo hulishwa chakula kilichopondwa. Mzee alianza kupaliwa, uso ukabadilika rangi. Sikudhani alikuwa upande wa pili wa uwanja akiwapokea wakwe. Alipiga kelele, akaanza kukimbia.

Kabla hajafika, mwanamke mmoja alikwisha mwinamisha mzee, akampiga kwa nguvu kati ya mabega mara kadhaa. Nyama ikatoka. Mzee Rajabu akavuta pumzi, akakohoa, akauliza kama imebaki nyingine.

Mwanamke huyo ni Loisi, muuza mitumba wa sokoni aliyemuuzia Asma viatu vya harusi na kualikwa kwa ajili hiyo tu. Kumbe kabla ya kupunguzwa kazi alikuwa muuguzi kwa miaka kumi na tisa.

"Mikono ilikwenda yenyewe," anaeleza Loisi. "Nikatazama wale waliolala, nikaona muda wa kuwageuza umepita. Nikavua viatu, nikaanza. Sikujua kama nilikuwa nimeikumbuka kazi hivyo."

Mwenyekiti wa kamati naye alikuwepo, sahani ya pili ya pilau mapajani. Bi. Mwantum alimwelekezea fimbo mbele ya watu wote.

"Mwenyekiti, pilau letu tamu?"

"Tamu sana, bibi."

"Umeona yule mama alivyomwokoa mwenzetu?"

"Nimeona."

"Sasa ukimaliza hiyo sahani, usiondoke bila kutuambia anaanza kazi lini."

Uwanja mzima ulicheka, na mwenyekiti akacheka pia, ingawa jasho lilimtoka. Bwana Harithi ndiye aliyefungua mchango hapo hapo, akitoa fedha iliyobaki kwenye bajeti ya harusi. Kamati ikakubali kubeba mshahara uliosalia. Kabla mwezi haujaisha, Loisi alikuwa amevaa sare nyeupe.

Tangu hapo hakuna mzee aliyepata kidonda cha kulalia. Sikudhani amelala usiku mzima, jambo ambalo anasema lilimtisha mwanzoni. Na wiki ijayo, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, anakwenda likizo Kondoa, ambako Asma anatarajia kujifungua.

Lakini hajaridhika. Anataka muuguzi wa tatu, kisha wa nne, ili pasiwe na zamu isiyo na mtu. Kikao cha kamati kitafanyika mwezi ujao, naye amekwisha omba nafasi ya kuzungumza.

"Watanichoka, najua," anasema, akinyanyua beseni na kuelekea kitanda kinachofuata. "Lakini nami nazeeka. Siku nikilala humu nikaita, nataka pawe na mtu wa kuniitikia."