Barua za Mama Awuor

Nyinyi mliozaliwa na simu mkononi, hebu tupisheni kidogo niongee na wenzangu tuliokulia Kayole. Mnaikumbuka saiba ya Spine Road, kile chumba cha kompyuta za kukodi juu ya kinyozi? Tuliingia Jumamosi na vumbi la mchezo wa kati miguuni na mafuta ya kaukau za viazi vidoleni, mwenye saiba akifoka, "Mikono kwanza! Kibodi si sahani!" Mtandao ulipitia waya wa simu, ukakoroma, ukapiga mbinja, kisha ukurasa ukashuka mstari kwa mstari. Kijana wa leo angezirai.

Raha yetu ilikuwa kikundi cha majadiliano. Kwa asiyejua: uliandika barua moja, ukaituma kwa anwani ya kikundi, nayo ikawafikia wanachama wote, wawe mtaa wa Tassia au ng'ambo. Mmoja akijibu, wote walisoma. Tulibishana kuhusu Mungu, wavulana na ugali wa wimbi na watu tusiowahi kuwaona, tukajiona wasomi kweli.

Wasichana wanne wa ploti yetu ya nyumba za kupanga tulitumia anwani moja ya barua pepe na nywila moja, kama tulivyotumia kamba moja ya kuanikia nguo. Humo ndimo Awuor, mmoja wetu, alimopokea barua za mamake, aliyekuwa akifanya kazi za nyumbani Uarabuni. Kuzichapisha kulikuwa ghali, basi kila Jumamosi alizisoma upya, midomo ikimcheza.

Lakini kisanduku cha anwani yetu kilikuwa kidogo. Kikijaa, barua mpya hazikuingia. Siku moja nilikikuta kimejaa, nami nilikuwa na ubishi kikundini, nikitaka majibu kwa hamu. Nikafuta barua zote za zamani bila kutazama zilikuwa za nani. Mama yangu alizoea kutuambia, "Barua ya mwenyewe haiguswi," nami nilidhani alisema za karatasi.

Awuor alipouliza, nikamwambia, "Aki sijui, mtandao umezimeza." Aliniamini. Miezi michache baadaye mamake alifariki huko huko. Najuta, jamani. Najuta hadi leo.

Siku hizi watoto wetu huhifadhi hata picha za chapati. Wiki iliyopita, kwenye kikundi chetu cha simu, Awuor aliuliza kama kuna njia ya kuzipata barua za kale. Nikaandika, "Ni mimi niliyezifuta." Nikatuma. Nikaogopa, nikaufuta ujumbe upesi. Enzi zetu kitu kikifutwa hakikuacha alama. Simu za leo huacha: "Ujumbe huu umefutwa."

Awuor akaandika, "Ndinda, umefuta nini?"

Bado sijamjibu.