Karani Anayevusha Wageni

Karani anayebadilisha leseni za wageni hapa Bujumbura hushika kila kadi kwa ncha za vidole, kana kwamba wino haujakauka. Sauti yake haipandi, hata foleni ikinung'unika. Lakini kabla hajamkabidhi mtu leseni mpya, hutoka naye nje, amtazame akivuka barabara. Mimi, niliyeendesha lori Kigoma miaka kumi na tisa, nikaona ananidharau. Nikatazama kulia, kama kwetu, nikakanyaga lami. Mkono uleule mpole ukanidaka ukosi, ukanirudisha nyuma. Haisi ya abiria wa Musaga ikapita kutoka kushoto, maana huku magari hushika upande wa kulia, upepo wake ukanipuliza shati.

“Permi yako iko tayari tangu juzi, kaka,” alisema bila kunicheka. “Shingo yako njo bado.”