Ntumba Zilizoota Nywele

Ripoti yangu ya fildi niliimaliza kabla sijaenda fildi. Naanza na hilo ili mjue mnasoma maandishi ya mtu wa aina gani.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwaka wa kwanza chuoni, nasoma sera ya mazingira na elimu. Watu huniuliza kwa nini nilichagua kozi hiyo. Sikuichagua. Ilikuwa ya tatu kwenye zile nilizojaza, mbili za mwanzo zikanikataa, hii ikanipokea kama mtoto wa kaka. Tatizo ni kwamba makalio yangu hayajawahi kuzoea kiti. Mhadhiri akishasema "usimamizi shirikishi wa rasilimali", mguu wangu wa kulia unaanza kucheza peke yake mpaka aliyekaa mbele anageuka: "Mshikaji, umebeba cherehani?"

Muhula wa kwanza nikapata sapu moja, yaani somo moja la kurudia. Nikiongeza na kufeli fildi, nadisko: nakunja godoro, narudi Sumbawanga kwa wazazi, na kila nitakayekutana naye sokoni ananiuliza chuo kimefungwa lini. Kwa hiyo fildi ilikuwa ndiyo shingo yangu.

Kazi yenyewe ya mafunzo haya ya vitendo ilionekana nyepesi. Nenda kwenu wakati wa likizo. Chagua jambo moja wanalofanya watu na ardhi yao, eleza kama linapatana na sera, kisha wape wanakijiji somo moja. Mtendaji wa kijiji agonge muhuri kwenye fomu. Mwenzangu wa chumba alikuwa ameandika kuhusu mbuzi wa kwao wanavyomaliza majani. Ripoti nzuri, kurasa kumi na mbili. Nikamwomba "niione tu". Niliiona kwa kompyuta, nikaagiza kila palipo na "mbuzi" paandikwe "moto", maana nilijua watu wa shamba huchoma nyasi, nani asiyejua? Nikabadilisha jina la mkoa, nikaichapisha, nikailaza kwenye begi.

"Na muhuri?" mwenzangu akauliza.

"Bibi yangu anakaa na mtendaji kijiji kimoja. Wanasalimiana kila siku."

"Au utawaroga tu. Si wa Sumbawanga wewe? Ruka na ungo uende, jioni uwe umerudi."

Kila mtu chuoni ananiambia habari za ungo. Nimeshazoea. Mtu akichelewa kurudisha chaja yangu namkazia macho tu, inarudi.

Bibi anakaa nje ya mji, upande wa barabara ya kwenda Laela. Nilishuka kwenye basi mwezi wa pili, mvua imekata kidogo, upepo wa Ufipa unapita ndani ya jaketi kama vile jaketi halijavaliwa. Nyasi zilikuwa zimefika kifuani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekonda. Huko hawapiki?"

Alinitengea ugali wa ulezi, na kabla sijanawa vizuri nikamweleza: nimekuja kwa siku mbili, nina karatasi ya kugongwa muhuri, basi. Akaniangalia mguu wangu ukicheza chini ya kigoda.

"Siku mbili," akasema. "Hata kuku anayeazimwa anakaa zaidi."

Mtendaji alikuwa mtu mpole, mwenye sweta chini ya koti. Aliifungua ripoti, akasoma jalada, akaifunga.

"Somo umeshatoa?"

"Ni kama tayari, mheshimiwa."

"Kijana, muhuri siyo chapati, kwamba nikupe tu kwa sababu una njaa. Jumamosi kwa bibi yako kuna watu wamealikwa kulima. Toa somo hapo, na mimi nitakuwepo."

Jumamosi asubuhi walikuja watu kama kumi na wawili na majembe yao. Kwetu ukiwa na kazi kubwa unaandaa kimpumu, ile pombe ya ulezi inayonywewa kwa mirija kutoka kwenye chungu, na watu wanakuja kukulimia. Chungu kilikuwa kivulini, kimefunikwa, kila mtu anakitazama kwa heshima kuliko alivyonitazama mimi. Mtendaji akaniambia nisimame juu ya kichuguu nisome.

Ukurasa wa kwanza ulipita vizuri kwa sababu hakuna aliyeuelewa, mimi nikiwemo. Ukurasa wa pili nilikuwa nimeweka maneno ya wananchi. Nikasoma kwa sauti ya redio: "Bibi mmoja mwenye umri mkubwa alisema: 'Moto wangu sita walizaa mwaka jana, na wote tuliwalisha kwenye bonde hili.'"

Upepo ukageuza ukurasa wenyewe, nadhani ulikuwa unanionea huruma.

"Rudia hapo," akasema mtendaji.

Sikurudia. Haikuhitajika, kwa sababu jirani wa bibi, mzee wa Kisukuma aliyekuja na ng'ombe wake Ufipa tangu ujana, alikuwa ameshakaa chini anacheka bila sauti, mabega tu yanapanda. "Moto wamezaa! Mama, na mapacha walikuwepo?"

"Huyo bibi ni nani?" akauliza bibi yangu. Yeye hakucheka.

"Ni… ni bibi kwa ujumla."

"Mimi ndiye bibi uliyenaye. Nilikwambia nachoma nyasi?"

"Hapana."

"Umewahi kuniona nachoma?"

Hapo ndipo nilipotazama shamba. Naona aibu kusema, lakini likizo zote za utotoni nilikuja hapa kula mahindi na kuchokoza mbwa. Shamba lilikuwa njia ya kupita. Mwaka ule niliona mteremko mzima uliolimwa wiki iliyotangulia umejaa vilima vya mviringo, kila kimoja kinanifika magotini, vimepangwa kama watu waliochuchumaa. Hizo ndizo ntumba. Nyasi hazikuchomwa. Zilikusanywa zikazikwa ndani ya vilima, zioze huko, maharage yapandwe juu. Msimu unaofuata vilima vinavunjwa, udongo unasambazwa, na ulezi unapandwa. Nilikuwa nimekuja na kurasa kumi na mbili kuwakataza watu kitu ambacho hawafanyi, mbele ya kitu wanachofanya.

"Wafipa bwana," yule jirani akaanza, akifuta machozi. "Mnazika nyasi kama mmefiwa. Mimi ng'ombe wangu na plau, asubuhi moja nimemaliza."

"Ndiyo maana udongo wako unahamia bondeni kila mvua," bibi akamjibu. "Siku moja utaamka shamba limekuaga."

Wakacheka, mimi nikadhani nimesahaulika. Mtendaji akanirudishia ripoti. "Hii sigongi. Fomu inasema somo. Lima, ujue unachosema, kisha tuonane."

Bibi akanipa jembe. Nami, kwa vile nina ulimi, nikasema: "Leteni safu yangu. Nitawaonyesha vijana wa chuo wanavyofanya kazi."

Kwa kweli nililima. Nilitazama majirani: unakokota nyasi kuwa lundo, unakata pande la udongo na nyasi zake, unalilaza juu ya lundo, lingine, lingine, mpaka limefunikwa. Nikawa naona wenzangu wanageuza mapande, wanayalaza tumbo juu, ntumba zao zinatoka nyeusi, chafu. Yangu niliyalaza majani yakiwa juu, ntumba zikatoka kijani kitupu, nzuri za kupiga picha. Mazingira ni kijani, hata nembo zote ni za kijani. Nilimaliza ntumba ishirini na moja. Nilipiga picha. Nikauliza, "Bibi, unaonaje?"

"Zinapendeza," akasema.

Nakumbuka watu waligeukia chungu, mmoja akainama kwenye mrija akanywa muda mrefu sana. Nilidhani ni heshima.

Mtendaji akaja kuziangalia, akazunguka, akasema atagonga wiki ijayo. "Ntumba haisainiwi siku ya kwanza."

Wiki ijayo! Chuo kilikuwa kinafungua Jumatatu baada ya hiyo wiki ijayo, na ripoti inapokelewa siku hiyohiyo. Wiki ile sikukaa. Asubuhi napanda kilima cha nyuma kutafuta mtandao, namwandikia mwenzangu, anajibu "vipi ungo umeharibika?" Mchana nateremka, nakwenda barabarani kuangalia mabasi ya Tunduma yakipita, kila moja nahesabu kiti changu humo. Narudi. Nakaa. Nasimama. Bibi alikuwa anachambua mbegu za maharage kwenye ungo, ungo halisi, wa kupepetea, naye akasema bila kuinua uso: "Ukikaa dakika tano mfululizo nitakuchinjia jogoo." Jogoo yule nadhani yupo mpaka leo.

Na ule uwongo wangu ulikuwa unaniwasha. Siyo kwa sababu nilidanganya. Nimedanganya vizuri zaidi ya hapo. Ni kwamba nilimtungia bibi maneno, nikamwekea mdomoni mbuzi wa watu wengine, na alipokuwa amesimama pale na jembe lake sikuwa na hata sentensi moja ya kweli kumhusu.

Siku ya sita, mvua ikarudi usiku kucha. Asubuhi nikaenda shambani mbio, nimebeba fomu ndani ya mfuko wa plastiki.

Ntumba za wenzangu zilikuwa vilevile, nyeusi, zimelala. Zangu zilikuwa zimeota nywele. Ishirini na moja, zote, nyasi mbichi zimesimama wima kichwani, zimenyeshewa, zinapepea kwa upepo kama zinanipungia mkono. Ukiwa barabarani unaziona. Walio barabarani walikuwa wanaziona. Mpanda baiskeli mmoja alisimama kabisa, akashuka, akatazama, akapanda akaendelea na safari yake.

Bibi alikuwa nyuma yangu na kikapu cha mbegu.

"Mizizi ikiangalia chini, nyasi haijafa," akasema. "Umeihamisha tu nyumba."

"Bibi, uliniona siku ile nazipanga hivi?"

"Nilikuona."

"Wote mliniona?"

"Wote."

"Mbona hamkusema?"

"Si ulikuwa unafundisha, mume wangu? Mwalimu hakatizwi."

Nilizigeuza. Siku nzima, peke yangu, pande moja moja, tumbo juu, nyasi chini, mpaka viganja vikatoka malengelenge ya ukubwa wa maharage. Bibi alikuja nyuma yangu akipanda, kila ntumba matundu kadhaa, na njiani ananiuliza kama mtihani: kwa nini mviringo? Maji yazunguke, yasikimbie. Kwa nini nyasi chini? Zikose jua, zioze. Kwa nini mwezi huu? Sijui. Akajijibu mwenyewe: kwa sababu nyasi bado ni laini, na mvua imebaki ya kutosha kuziozesha. Jirani alisimama kwenye mpaka na ng'ombe wake wawili. "Msomi, nikuazime plau?" Nikamwambia aende akaliage shamba lake vizuri. Bibi akacheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi, nami nikahisi nimepata alama moja.

Ripoti mpya niliiandika kwa mkono, jikoni, kwenye kurasa za katikati za daftari, moshi ukiniliza. Kurasa nne tu. Tatizo likawa fomu. Ilikuwa na sehemu mbili: "Mwezeshaji" na "Washiriki". Kwa haki yote, sikumfundisha mtu. Nilikaa nayo muda mrefu, kalamu inacheza badala ya mguu. Mwisho nikampa bibi. Akaandika jina lake kwenye Mwezeshaji, herufi zimelala upande mmoja, nzuri kuliko zangu zote, akisema alijifunza kwa masista kabla hajaolewa. Mimi nikasaini chini, kwenye Washiriki. Mshiriki mmoja.

Mtendaji alizisoma kurasa zote nne amesimama. "Hii wataipokea?"

"Sijui, mheshimiwa."

Akagonga muhuri.

Kwenye basi nilikuwa na ripoti mbili begini. Ile ya kurasa kumi na mbili, iliyochapishwa, moto wake nimeshawarekebisha kwa kalamu. Na hii ya moshi. Muhuri uko kwenye fomu, ningeweza kuibana na yoyote kati ya hizo, lakini jina la bibi nalo liko kwenye fomu. Laela basi lilisimama, watu wakapandisha magunia, wauza karanga wakatupitishia bidhaa zao dirishani. Nilitoa ile ya kumi na mbili, nikampa mama muuza karanga. Akaipima uzito kwa kiganja, akanipa kimfuko cha bure, akaanza kuichana papo hapo kufungia wateja.

Mhadhiri aliniita ofisini. "Wewe ulitakiwa ufundishe. Hapa umeandika umefundishwa."

"Ndiyo, mwalimu."

"Fomu haina kipengele hicho."

"Niliona, mwalimu."

Akafunua, akafunua. Kisha akauliza swali moja tu, kwa nini nyasi ziangalie chini, na mimi badala ya kujibu nikamwonyesha kwa mikono, nikageuza pande la hewa juu ya meza yake mpaka karibu nimwage chai. Nikazungumza na siwezi kukumbuka kama mguu wangu ulicheza. Alinipa C. Alama nyingine alikata kwa kutofuata fomu, na aliandika hivyo kwa wino mwekundu. Mbuzi wa mwenzangu walipata B, na huwa ananikumbusha.

Lakini sikudisko. Nikampigia bibi.

"Nimefaulu kwa kuchechemea."

"Kuchechemea nako ni kutembea," akasema. "Maharage yako yameota. Ila kuna ntumba moja hukuigeuza, ya pembeni kule barabarani. Ina nywele mpaka kiunoni."

"Uigeuze basi, bibi, wapita njia wananicheka."

"Siigeuzi. Wageni wakija nawapeleka kuitazama. Wameipa jina. Wanaiita Digrii."

Nilimwambia asiiguse mtu. Ntumba zikianza kuvunjwa kwa ajili ya ulezi nataka kuivunja mwenyewe, nione ndani kuna nini. Wakati huo chuo kitakuwa kimefunguliwa na nitatakiwa kuwa nimeketi darasani. Mwenzangu anasema hilo si tatizo, ungo upo.