Mzee Kola Avuka Mstari

Mzee Kola, dobi wa mtaa, hajapata kuonekana amechakaa, na siri yake wenye nguo walikuwa hawaijui: alikuwa anazivaa. Si zote kwa mpigo, jamani, tusimwonee. Leo shati la huyu, kesho suruali ya yule, kisha anafua upya, anapiga pasi, anakabidhi. Mteja akiwahi anaambiwa, "Bado halijakauka, njoo kesho," na jua linawaka hilo!

Aliyekuwa akimsema ni mkewe, enzi macho yake mazima. Siku hizi mtoto wa jicho alikuwa amemfunika kote kuwili, mama wa watu anapapasa ukuta kwenda jikoni. Hospitali walisema akipasuliwa ataona, ila bei yake Mzee Kola aliposikia ilibidi atafutiwe kiti. Tumaini likabaki kwenye kadi ya matibabu ya bure, ambayo serikali inawapa maskini. Na maskini wa serikali hajiiti tu mwenyewe, anapimwa. Kuna mstari: aliye chini yake anapata kadi, aliye juu ajitegemee.

Basi ilipotangazwa kwamba mpimaji atapita nyumba kwa nyumba, mwenye akili zake angevaa matambara. Mzee Kola akasema mgeni wa serikali hapokelewi ovyo, akachomoa koti la kijivu lililoletwa juzi, akalivaa. Makubwa haya!

Mpimaji alikuwa binti mpole mwenye simu pana ya kujazia majibu. Akaamkia, akaketi.

"Kazi yako, baba?"

"Nashughulika na mambo ya nguo," akajibu Mzee Kola, akijinyoosha koti. Neno dobi lilimkaa kooni, si unajua tena ukishavaa vizuri.

Binti akatazama suti, magauni na mapazia yaliyotundikwa mpaka dirishani. Akabonyeza, akabonyeza tena.

"Hongera, baba. Umevuka mstari, tena kwa mbali."

"Ahsante, mwanangu!" Mzee Kola akachekelea mpaka magego yakaonekana. "Sasa hiyo kadi nachukulia wapi?"

"Kadi ni ya walio chini ya mstari, baba."

Meno yakarudi ndani. Na hapo hapo mwenyekiti wa mtaa, aliyemleta binti akabaki nje akiongea na simu, akaingia kushuhudia majibu. Akakodoa macho.

"Koti zuri, Mzee Kola. Mimi nina kama hilo. Si ulisema langu halijakauka?"

Mzee Kola akisema koti ni lake mwenyewe, wateja wanabaki ila kadi inapotea. Akisema kweli, nani tena atamletea hata leso? Mkewe, aliyekaa kwenye mkeka ameelekeza uso kusiko na watu, akauliza, "Mzee, wamesemaje? Tumepata?"

Mzee Kola akamtazama mkewe. Akavua koti.

"Ni lako, Mwenyekiti. Mimi dobi tu, binti yangu. Humu hamna changu."

"Na shati?" Mwenyekiti alikuwa amefura.

"La kinyozi."

"Suruali?"

"Ya mchungaji. Hiyo niachieni kwanza, kuna wanawake humu."

"Na viatu?" akauliza binti, polepole.

"Viatu vyangu."

Wote wakatazama chini. Kimoja kilikuwa kimefungwa kwa waya. Hakuna aliyecheka. Binti akafuta alichoandika, akaanza upya.

Wateja nusu walihama, na waliobaki wakija wanamkagua yeye kwanza kabla ya nguo zao. Lakini kadi ilitoka, na mkewe akapasuliwa. Siku ya kufunguliwa bandeji Mzee Kola alisimama kando ya kitanda. Mkewe akapepesa macho, akamkagua toka juu hadi chini: kola imeliwa, kiwiko kiko nje.

"Shati la nani hilo?"

"Langu."

"Haa! Kumbe sisi maskini hivi?" Akacheka mpaka nesi akamkemea.

"Serikali yenyewe imepima," akasema Mzee Kola, machozi yanamtiririka, na safari hii mkewe akayaona.