Siku Tuliyovuliwa Viatu

Hebu fikiria, rafiki yangu, umekaa mkutanoni mjini Moshi, kikombe cha chai mkononi, halafu ukutani inatokea sura yako mwenyewe ya utotoni. Ndivyo ilivyonipata mwaka jana. Mtoa mada alikuwa anazungumzia elimu ya vijijini. Akaonyesha picha ya watoto waliokaa kwenye vumbi, ukungu ukiingia madirishani, macho yamewatoka kama wanangoja kitu kibaya. Chini pameandikwa kwamba hawajawahi kushika kitabu. Msichana wa mbele, miguu peku, alikuwa mimi.

Nikusimulie siku ile ilivyokuwa.

Nilikuwa darasa la sita, juu mlimani kule Masama, nikiishi na bibi. Asubuhi nilikata majani ya ng'ombe chini ya migomba inayodondosha umande, kisha nikanywa uji huku bibi akinipigia viatu kiwi kwa mkono wake mwenyewe. "Huendi shamba wewe, unaenda kusoma," alikuwa akisema, na hakuviachia mpaka ving'ae.

Shule yetu ilikuwa ya kawaida tu. Madawati yalitutosha, kabati la vitabu lilikuwepo, kila kitabu kimevalishwa karatasi ya mfuko wa saruji. Mwalimu wa sayansi alikuwa mama mfupi mwenye sauti nzito. Alitupeleka kwenye mfongo, ule mfereji uliochimbwa na wazee wetu, tukatupia kipande cha jani la mgomba na kuhesabu sekunde, tukapata mwendo wa maji. Ukikosea hesabu unarudi mferejini, hata kama mvua inanyesha.

Basi siku hiyo alikuja mgeni mwenye kamera, na mkalimani wake kutoka mjini. Aliangalia darasa letu, akatikisa kichwa. Alilitaka lile la zamani nyuma ya shule, lililoachwa tangu paa lilipoanguka. Sisi hatukukanyaga mle, hata mpira ukiingia. Palinuka popo, na upepo ukipita kwenye nyufa ulisikika kama mtu anayejisomea polepole, peke yake.

"Hawa wana darasa," mwalimu wa sayansi alimwambia mwalimu mkuu. "Kwa nini wakae kwenye gofu?"

"Tumeahidiwa maabara, mwalimu. Ni picha tu."

Tuliambiwa tuvue masweta na viatu. Vyangu nilivipanga nje ukutani, soksi ndani yake. Tulipokaa chini, ukungu ukashuka kutoka mlimani na kuingia mle ndani, mzito, mpaka sikumwona aliyekaa ubavuni mwangu. "Msicheke," mkalimani akasema. Ilisikika kamera tu, ikilia mara moja moja. Baridi ilinipanda kutoka ardhini hadi kifuani, na kwa muda nikaamini kabisa kwamba tumekwisha kufa, na waliokaa pale ni watoto wengine.

Ndipo ile sauti nzito ya mwalimu wa sayansi ikatoka mlangoni, mwenyewe haonekani.

"Darasa la sita. Ukungu ni nini?"

Nyuma yangu mtu akajibu, "Ni mvuke uliopoa, mwalimu."

"Umetoka wapi?"

"Bondeni. Hewa imepanda mlima."

"Na kwa nini hewa inapoa ikipanda?"

"Inatanuka!" Tulijibu wote, sauti zikitoka kila kona ya ule weupe, na kuta zikaturudishia.

Mgeni alishtuka. Alimwuliza mkalimani kwa Kiingereza tunasema nini. Mkalimani akamjibu kwamba tunasali.

Kiingereza hicho nilikielewa. Nikasimama, nikamwambia kwa lugha yake kwamba hatusali, hili ni somo la sayansi. Alinitazama. Akatabasamu, akaniwekea pipi kiganjani, akanibonyeza bega taratibu mpaka nikakaa. Kisha, ukungu ulipopungua kidogo, akapiga picha. Ndiyo ile ya ukutani.

Maabara haikuja. Siku ile mwalimu wa sayansi alitusaidia kufunga kamba za viatu, mmoja mmoja, akaturudisha darasani.

Mkutanoni nilinyoosha mkono, nikaeleza yote haya. Walinisikiliza kwa adabu. Halafu ikaja picha nyingine.

Jumamosi yake nilipanda Masama. Bibi na mwalimu wote wametangulia. Shule ilihamishiwa chini, karibu na lami, na nimeambiwa inafaulisha vizuri. Pale juu hapana hata tofali. Watu walibeba mawe wakajengea. Nilikuta majani marefu na mwanamke mmoja akiyakata.

"Dada, umepotea?"

"Hapana. Nilisoma hapa."

Akainuka, akaangalia huku na huku kwenye ukungu. "Hapa? Mimi nimeolewa hapa miaka mingi. Naambiwa palikuwa zizi la ng'ombe."

"Palikuwa shule."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayeongea na mgonjwa. "Haya. Na mlikuwa mnasoma nini huku?"

Nilimwonyesha ukungu uliotuzunguka, nikaanzia hapo.