Chanjo Iliyolazwa na Samaki

Kabla ya saratani ya damu, dada yangu Chausiku alikuwa akiuza chapati na maharage hapa Rwamgasa, kwenye njia ya wachimbaji. Hakuna aliyepita kibandani pake asipewe mkono. Mwaka jana alipandikizwa seli shina Dar es Salaam, kutoka kwenye uboho wangu mimi Shamimu, mdogo wake. Daktari alituambia waziwazi: kinga yake sasa ni kama ya mtoto mchanga, na mafua haya ya kila siku yanaweza kumuua. Achanjwe kila mwaka, nasi tunaoishi naye tuchanjwe.

Nilifuata chanjo Mwanza, maana yeye hatakiwi kubanana na watu kwenye basi. Nilichanjwa hukohuko, ya kwake nikaibeba kwenye kikasha cha barafu. Muuzaji alinisisitiza: iwe baridi, lakini isigande, ikiganda ni ya kutupa. Nesi Noela angekuja kumchoma dada kesho yake, na mwenye friji mtaani kwetu ni Selestine wa duka la dawa. Nilimwachia, nikamrudia maneno yale mara mbili.

Asubuhi aliileta mwenyewe. Boksi limelowa, na ubavuni lina gamba la samaki.

"Iliganda?" Noela akamuuliza.

"Haikuganda, nesi. Baridi tu."

Noela alilibandua lile gamba kwa ukucha, akamwonyesha. Ndipo Selestine akakiri: umeme ulikuwa unakatika, akaihamishia kwenye friza, katikati ya sato wake. Alipoikuta imekuwa jiwe, akaiyeyusha kwapani.

Kwapani! Mtu ameuza dawa miaka kumi na mmoja, anajua fika, na bado angesimama pale kimya dada yangu achomwe kitu kisichofaa, kisha akae akijiona amekingwa. Noela aliitenga ikatupwe.

Jioni Selestine alirudi kuomba radhi. Huku kwetu radhi isiyopewa mkono haijapokelewa. Alipiga chafya, akafuta pua kwa kiganja, akakinyoosha kiganja hichohicho.

"Mwadila, Mama Abdulshakur," akamsalimia dada kwa Kisukuma. "Nimekosa, nisamehe."

Chausiku aliingiza mikono ndani ya kanga.

"Nimekusamehe, Baba Januari. Ila simama hapohapo."

Selestine aliondoka akilalamika njia nzima kwamba ugonjwa umempa dada maringo. Majirani walitikisa vichwa, wakamwonea huruma yeye. Nilitamani kutema mate.

Ndani, Chausiku aliniuliza kama watu walimwona Selestine alivyobaki na mkono hewani. Alikuwa analia. Nilikuwa naosha kikasha cha barafu nikafuate chanjo nyingine, kwa sababu basi la Mwanza huondoka saa kumi na mbili asubuhi.